Sista Rudayna, Aliyetuuliza Tunataka Kufaje

Karak, 31 Mei 2022

Kwa Sista Rudayna Hilal, na kwa wote watakaousoma wasifu huu wakisubiri chakula

Leo Sista Rudayna anastaafu baada ya kuitumikia hospitali yetu miaka thelathini na mitatu. Alipoajiriwa alikuwa na msuko mrefu na viatu vya kumbana. Anaondoka na nywele fupi, viatu vipana, na sifa ya kuwa mtu pekee mjini anayeweza kuwatoa wageni wodini bila kufungua mdomo. Anasimama tu mlangoni, anaitazama saa ya ukutani, na watu wanaanza kutafuta viatu vyao.

Kamati ya sherehe ilimwomba kwanza Daktari Nawwaf aandike wasifu huu. Akaandika kurasa nne kuhusu mapafu. Ndipo wakateremka jikoni kwangu. Mimi ni Tamam, napika chakula cha wagonjwa wa kisukari na wa presha, na sijawahi kusifiwa na mgonjwa hata mmoja. Nilikubali kwa sababu ambayo mtaiona mbele.

Sista alianzia wodi ya wazazi, akapelekwa kwa majeruhi, kisha wodi ya mapafu, na mwishoni akakabidhiwa vyumba vya ghorofa ya juu, wanakolazwa wagonjwa ambao dawa imebaki kuwatuliza tu. Mwenyewe husema huko juu ndiko alikogundua jambo la ajabu. Chini, kwa wazazi, mtoto hajazaliwa na tayari watu wameshagombania jina lake, nani atamwadhinia sikioni, na nani atambeba kutoka hospitali. Juu, mtu mzima mwenye akili timamu anaondoka duniani na hakuna anayemuuliza hata kama dirisha lifungwe au liachwe wazi.

Akaenda kusoma Amman muda mfupi, akarudi na kitu alichokiita wasia wa matibabu. Maana yake ni rahisi. Mtu, akili na ulimi vikiwa bado vyake, anasema afanyiwe nini siku ambayo hataweza kusema: awekwe mashine ya kupumulia au asiwekwe, kifua kibonyezwe au kiachwe, abaki hospitali au arudishwe kwake, na nani aseme kwa niaba yake. Sista alidhani kazi hiyo itamchukua miezi michache, kisha mji mzima utakuwa umeshaulizwa.

Hakuwa amehesabu desturi zetu. Kwetu mgonjwa ndiye mtu wa mwisho kupewa habari za ugonjwa wake. Ukitaja kifo mbele yake, wote wanasema Mungu apishe mbali, na shangazi mmoja anakutoa nje. Aliwahi kulazwa Haji Dhiyab, mwenye saratani ya ini. Watoto wake walimzuia Sista koridoni wakamsihi asimwambie baba yao, atakufa kwa hofu. Alipoingia ndani, Haji akamshika mkono akamsihi asiwaambie watoto kwamba yeye anajua, watalia. Sista akazibeba siri zote mbili wiki kadhaa, kama mtu aliyebeba trei mbili za supu kwenye ngazi. Mwishowe aliwaingiza wote chumbani, akawaambia anakwenda kunywa chai, na akirudi anataka kukuta watu wanaojua jambo moja. Alikuja jikoni, nikampa chai yenye majani ya maramia, akainywa polepole kuliko nilivyowahi kumwona akinywa kitu. Aliporudi juu aliwakuta wamelia, wamemaliza, na wanagombana nani atakabidhiwa kondoo dume wa mzee.

Hakuuliza swali lake akiwa amesimama. Alisema anayeulizwa amelala na anayeuliza amesimama, hiyo ni polisi. Kwa hiyo alikuwa na kiti chake cha plastiki cheupe, akikikokota kutoka chumba hadi chumba, na mlio wa miguu ya kile kiti sakafuni ulijulikana na wote. Wazee walifumba macho wakaanza kukoroma. Mmoja, ambaye hakuwa ametembea tangu Ramadhani, alikutwa msalani. Sisi wafanyakazi tukampa jina la Mama Kiti. Naye, kwa kuwa hakuolewa na hakujaliwa mtoto, alilipokea jina hilo vizuri, akasema walau mwanawe huyu hatamwomba mahari.

Polepole watu walianza kujibu. Mwalimu mmoja mstaafu alikataa kila mashine, ila alisisitiza avalishwe miwani hata akiwa hajitambui, kwa kuwa hajawahi kukutana na mgeni bila miwani na hakuona sababu ya kuanza na malaika. Mkurugenzi wetu aliulizwa ndani ya lifti iliyokwama. Hatujui alijibu nini. Tunachojua ni kwamba ilipofunguliwa alikwenda moja kwa moja kumpigia simu mkewe.

Sasa niseme la mama yangu, ambalo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Mama yangu aliitwa Wadha. Mtaa ulimwita Mama Ghalib, kwa jina la kaka yangu mkubwa, ingawa aliyekuwa akimkata kucha za miguu ni mimi. Moshi wa tanuri la mikate ulimwingia mapafuni toka usichana wake, na majira ya baridi aliyolazwa kwetu alikuwa hawezi kumaliza sentensi bila kupumzika katikati. Lakini hakuacha kuzianza. Alificha sukari katika mkono wa gauni, akaitia kwenye chai niliyompelekea mwenyewe, kisha akamwambia jirani yake wa kitanda kwamba mpishi wa hospitali hii hana mkono.

Sista alipokikokota kiti chake hadi pale, mama hakufumba macho. Alijibu kama mtu aliyechelewa kuulizwa. Mpira wa kooni hautaki. Kifua chake kimenyonyesha watoto sita, hakitapondwa kama kitunguu saumu. Siku ikifika arudishwe nyumbani, alazwe chumba cha mbele, mlango uachwe wazi asikie kuku wake. Na wa kusema kwa niaba yake ni Ghalib. Sista akashangaa kwa nini si mimi, ninayefanya kazi hapahapa. Mama akasema Tamam atasema vizuri, lakini watakayemsikiliza ni Ghalib. Sikuudhika. Ni kweli.

Ghalib ni sajini mstaafu wa jeshi, mtu mpole mwenye sauti kubwa. Sista alimpa karatasi ya mama. Hakuichana, amelelewa vizuri. Aliiweka juu ya kiti akaikalia saa nzima ya kutazama wagonjwa, akizungumzia mavuno ya zeituni. Wakati wa kuondoka alimweleza Sista kwa heshima kwamba mama yake hatakufa kwa karatasi. Afungwe kila mashine iliyopo hospitalini, na isiyokuwepo yeye ataileta. Karatasi ilibaki kitini, imekunjamana.

Na mjue jinsi mambo yalivyo kwetu. Mbele ya sauti ya mtoto wa kwanza wa kiume anayelia koridoni, karatasi haina nguvu. Pumzi ya mama ingekatika wiki ile, daktari wa zamu angemsikiliza Ghalib, na mama angemalizia siku zake chumba cha wagonjwa mahututi, amefungwa mikono asiung'oe mpira, sisi tukimwangalia kupitia kioo. Mama alilijua hilo. Alianza kuogopa kulala.

Sista alifikiri siku mbili tatu. Kisha akaja jikoni akaniuliza kama kaka yangu anaheshimu kahawa. Nikamwambia anaiheshimu kuliko bendera. Basi, akasema, tutampelekea jaha.

Jaha tunaijua wote. Mtu mwenye ombi zito, la kuposa au la kusamehewa damu, hukusanya watu wenye heshima mbele za watu na kwenda nao kwa mwenye uamuzi. Wakishamiminiwa kahawa, mkubwa wao hukiweka kikombe chini bila kukionja. Mwenye nyumba hapati raha mpaka kile kikombe kinywewe, maana mgeni akiondoka kahawa yake ikiwa palepale, ni aibu itakayosimuliwa na wajukuu. Watu wameacha mashamba kwa ajili ya kikombe kimoja. Lakini hakuna aliyewahi kuona jaha ikipelekwa kwa ajili ya mashine ya kupumulia.

Sista alimpigia Ghalib simu, akamwarifu kwamba Ijumaa baada ya alasiri watu wenye ombi watakuja kwake. Ghalib aliuliza ni nani hao. Akaambiwa ni Daktari Nawwaf, Sheikh Mutlaq anayewasomea wagonjwa, na mtu mwingine mkubwa kuliko wote wawili. Hakuuliza tena. Kaka yangu ana binti, Maysun, aliyemaliza chuo mwaka huo. Daktari Nawwaf hakuwa na mke, na alikuwa na gari safi. Ghalib akajumlisha. Akawaita maami na watoto wao wote, sebule ya wageni ikajaa hadi mlangoni. Maysun akapelekwa kutengenezwa nywele. Kondoo akafungwa uani, akisubiri furaha yetu. Mimi niliujua ukweli, na nilikuwa nimeapishwa, hivyo nilijitia shughuli za jikoni siku nzima na kumsifia wifi yangu usafi wa nyumba.

Wageni walipofika, waliotangulia kuingia si daktari wala sheikh. Aliyetangulia ni mama, kwenye kiti cha magurudumu, amevaa gauni lake jeusi la darizi, mtungi wa oksijeni pajani kama mjukuu. Sista ndiye aliyemsukuma. Ghalib aliruka kumbusu mkono, akifikiri bibi ameruhusiwa kutoka kushuhudia posa, akataka kukizungusha kiti chake kuja upande wa wenyeji. Mama akatega mguu sakafuni.

"Niache hapahapa, mwanangu. Mimi leo niko upande wa wageni."

Watu walicheka. Kahawa ikamiminwa. Mama akapokea kikombe, akakiinamia, akakiweka chini kwenye mkeka. Kicheko kikaisha.

Ghalib bado alikuwa kwenye posa. Aliona heshima iliyoje, bibi mwenyewe kumwombea mchumba wa mjukuu wake. Akapanua mikono mbele ya ukoo wote, kwa sauti ya gwaride.

"Kunywa kahawa yako, mama. Ulilolijia umelipata."

Maami wakaitikia. Neno lilikuwa limeshatoka, mashahidi zaidi ya thelathini. Sista angeweza kusema tumemaliza, tukaenda zetu. Nilimtazama, naye alikuwa anamtazama mama. Mama akatikisa kichwa.

"Nakurudishia neno lako, Ghalib. Umelitoa hujui unalilipia nini. Nisikilize kwanza, kisha ndipo uniambie ninywe."

Akaeleza. Mpira, kifua, chumba cha mbele, kuku. Alihitaji kupumzika kila baada ya maneno machache, na hakuna aliyethubutu kummalizia. Sheikh Mutlaq alipoulizwa alijibu kwa ufupi kwamba roho ni ya Mungu, na kukataa mashine isiyoponya, inayorefusha mateso tu, si kuitoa roho hiyo. Daktari Nawwaf alipoulizwa alithibitisha kuwa mapafu yale hayatarudi, akavuta pumzi ili aendelee kuyaeleza, Sista akamkanyaga mguu.

Ghalib alikuwa amekaa kitako kama mtu aliyeangushwa. Alitazama kikombe muda mrefu. Aliposema, sauti ya gwaride haikuwepo.

"Watu watasema nimemwacha mama yangu afe."

"Watu gani?"

"Watu, mama."

Mama akakigeuza kichwa taratibu, akawatazama waliokaa ukutani mmoja baada ya mwingine, kuanzia mlangoni hadi dirishani.

"Si ndio hawa? Nimekukusanyia wote. Waulize sasa, nikiwa hai nasikia, watasema nini."

Ami yetu Falah, mkubwa wa ukoo na, nisamehewe, mkubwa wa umbea vilevile, alikohoa, akarekebisha joho lake.

"Tutasema alimtii," akasema. "Na atakayesema lingine aje anione mimi."

Aliyekuwa karibu naye akasema hivyohivyo, na wa tatu, na maneno yakazunguka chumba mpaka yakarudi mlangoni. Kaka yangu alikuwa analia, naye ni mtu aliyerudi na majeraha ya kambini akichekacheka. Alikiinua kile kikombe mwenyewe akampa mama mkononi. "Kunywa, mama." Mama akanywa, akakunja uso, akasema imepoa. Akamiminiwa nyingine.

Ndipo Maysun, nywele zimepangwa kama keki, alipochungulia mlangoni kuuliza kama kuna yeyote aliyekuja kwa ajili yake. Daktari Nawwaf aligeuka rangi ya komamanga. Kilichofuata baina yao hakimo katika wasifu huu. Wako meza ya tatu, waulizeni. Kondoo alichinjwa vilevile, maana wageni walishajaa na yeye alishafungwa. Mama alikula mkate uliolowa mchuzi wa mansaf, ule wali wetu wa nyama ya kondoo na maziwa ya mgando, sehemu laini ya chini, akalala jioni ile bila kuogopa.

Aliishi nyumbani hadi tini za kwanza zilipoiva. Asubuhi moja pumzi ilipombana, binamu mmoja aliyekuja kusalimia alipiga simu kabla hatujamzuia, gari la wagonjwa likaja, vijana wakashuka na machela na begi lao. Wanajua kazi yao. Wameitwa kuokoa, na mtu amelala mbele yao hapumui vizuri. Niliwaona wameshafungua begi. Ghalib alisimama kwenye mlango wa chumba cha mbele, akaujaza. Nilimtazama mgongo wake na sikujua atasema nini. Kuahidi mbele ya kahawa ni jambo moja. Kusimama pale, mama yako anakoroma nyuma yako, ni jingine.

Aliwakaribisha. Aliwaambia waingie, wakae, watapewa chai, na oksijeni waliyoleta ni njema. "Lakini mpira wa kooni, hapana. Mama yangu alisema, na ukoo mzima ulimsikia."

Wale vijana wakatazamana, wakafunga begi. Mmoja wao alivua kofia. Sista Rudayna alikuja, siku yake ya mapumziko, na dawa ya kutuliza ile kiu ya hewa. Alimwonyesha Ghalib jinsi ya kulowesha midomo kwa pamba, na sajini akaifanya kazi ile kwa vidole vinene kama anayesafisha jicho la mtoto. Mlango ulikuwa wazi. Kuku mmoja aliingia hadi miguuni mwa kitanda, wifi yangu akataka kumfukuza, mama akainua kidole asifukuzwe. Hicho ndicho kitu cha mwisho alichoamuru, na kilifuatwa.

Msibani hakuna aliyenong'ona. Ami Falah alikaa karibu na mlango, akimsimulia kila aliyeingia jinsi ukoo ulivyoulizwa na jinsi yeye alivyojibu, na kadiri siku zilivyopita jibu lake lilizidi kuwa refu.

Ninachotaka wasomaji mkijue ni kwamba kaka yangu analala usingizi. Katika mji huu wako watoto wengi wasiolala, na wengi wao hawakukosea kitu. Waliulizwa swali koridoni, haraka, na jibu lake lilikuwa la mtu mwingine ambaye hawezi tena kusema. Wengine walisema fanyeni kila kitu, wengine wakasema acheni, na wote wanajiuliza mpaka leo. Hilo ndilo Sista alilokuwa akihangaika nalo miaka yote hii, akijifanya anatutania.

Baada ya arobaini Ghalib alikuja hospitali mwenyewe, amechana ndevu, akataka naye aulizwe. Sista akamkalisha. Ghalib akasema yeye anataka mashine zote. Mpira, umeme wa kifuani, dripu mikono yote miwili, na kama wamebuni kitu kipya huko Amman kiletwe. Yeye ni askari na hatoki kwenye zamu mpaka afukuzwe. Nilidhani Sista atamkatalia. Aliyaandika yote kama alivyoyasema, akamsomea, kisha akamtaka amlete mwanawe naye asikie kwa masikio yake, ili siku hiyo asije mtu akamhurumia baba yake kinyume cha matakwa yake.

Sista anakwenda kuishi Tafila, kwa mdogo wake, kwenye miti ya makomamanga. Ameshawafundisha wauguzi wawili vijana kuuliza. Mmoja bado anaona haya na anaanza na habari za hali ya hewa, lakini anafika.

Kwa niaba ya wodi zote, jiko, dobi na walinzi wa getini: asante, Sista Rudayna. Nenda na afya yako. Amka unapotaka, ukose la kufanya mpaka adhuhuri, na miaka uliyobakiwa nayo iwe mirefu na iwe yako mwenyewe.

Na katika dua zako, mkumbuke Wadha. Ukipata nafasi, na mimi.

Tamam, jikoni